Samaki Asiye na Magamba

Binti yangu ameanza kupaka rangi ya kucha. Anapaka mezani, palepale tunapokula, na harufu inajaa nyumba nzima mpaka jikoni. Wiki iliyopita nilimfokea kwa sauti ambayo hata mimi ilinishtua, naye akaniuliza, "Mum, kwani hii ni sumu?" Nikamwambia afungue dirisha. Sikumweleza kwamba kwangu mimi hiyo si harufu ya wasichana. Ni harufu ya mtu tuliyemzika juzijuzi. Ni harufu ya baba yangu. Na ni harufu ya Ijumaa moja ambayo nusura niivunje nyumba yetu kwa mikono yangu mwenyewe, huku nikijiona malaika.

Ninyi wa rika langu mnajua baba walivyokuwa siku hizo: watu wa barua na wa likizo ya Desemba. Wetu alifanya kazi upande wa Kericho, kwenye shamba kubwa la chai ambalo wakubwa wake walikuwa na mto wa kuvua kwa starehe. Ndani ya mto huo mliishi samaki wa maji baridi anayeitwa trauti. Kazi ya Tata, maana ndivyo tunavyomwita baba kwetu Gusii, ilikuwa kuwabebea wageni vifaa, kuwaonyesha mahali samaki wanapojificha, na jioni kuwatengenezea nzi. Si nzi wa chooni. Nzi wa bandia, wa manyoya yaliyofungwa kwa uzi juu ya ndoano ndogo, ili samaki akimwona juu ya maji adhani mdudu ameanguka. Kazi ilipokwisha, Tata alirudi kwetu Nyamira akiwa na ufito wa kuvulia wa vipande vinne ndani ya mfuko wa turubai, na sanduku la bati.

Nilikuwa na miaka tisa na furaha yangu haikuwa na breki. Mama hakuwa na furaha hiyo. Kulikuwa na watu waliomwambia, na kwetu hukosi wa kukuambia, kwamba mwanamume hakai mbali miaka minane bure. Siku ya pili baada ya Tata kurudi, Mama alifungua lile sanduku akitafuta sindano, akakuta chupa ndogo ya rangi ya kucha, imebaki nusu.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

"Ni ya samaki," Tata akajibu.

Masikini baba yangu, alisema ukweli mtupu. Nzi akishafungwa, kichwa chake hupakwa tone moja la rangi ya kucha ili uzi usifumuke akilowa. Lakini hebu mwambie mama shemasi wa kanisa la Sabato, mwanamke asiyevaa hata hereni, kwamba mumewe amerudi na rangi ya kucha kwa ajili ya samaki. Mama alirudisha chupa mahali pake, akafunga sanduku polepole. "Na huyo samaki ana kucha ngapi?" akasema. Tangu usiku huo Tata alilala sebuleni kwenye kochi, miguu ikining'inia nje.

Mama hakumfukuza. Alimpakulia chakula, alimfulia nguo, na mbele za watu alimheshimu. Ila hakukubali kuonja kitu chochote kilichotoka mkononi mwake. Tata akileta mkate, Mama aliwagawia watoto wa jirani. Akileta nyama, ilipikwa, tukala sisi, Mama akala mboga yake na kusema hana hamu. Hata ndizi alizozikata shambani mwetu wenyewe Mama alizipita, akaenda kukata nyingine. Mimi nilidhani ameanza kuugua tumbo.

Bibi yangu, mamake Tata, ambaye sisi tulimwita Magokoro, alikaa nyumba ya chini yetu. Yeye alifanya mzaha kuhusu mambo yote. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alimwambia mwanawe, akampa jembe kweli. Lakini siku moja nikiwa nyuma ya nyumba yake nikichambua kunde, niliwasikia wakiongea bila mzaha.

"Nyumba ambayo mke hali cha mkono wako si yako, Mama," Tata alisema. "Wameniita Kericho nikachune chai. Shule zikifunguliwa, kama bado yuko hivi, nitaenda."

"Na ukienda safari hii?"

"Sitarudi kusumbua mtu."

Shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki tatu. Nilizihesabu siku kwenye kalenda ya ukutani, nikaona hazitoshi. Kuanzia hapo nilimfuata Tata kila alikokwenda, nikidhani mtu hawezi kuondoka ikiwa anaangaliwa.

Na alikokwenda ni bwawani. Juu ya kituo chetu cha kununulia chai kuna bwawa la umma, la zamani, ambalo ng'ombe hunywa upande mmoja na akina mama huchota maji ya kufulia upande wa pili. Maji yake ni baridi hadi mifupa inalalamika. Kabla Tata hajarudi, bwana samaki, yaani afisa wa serikali wa uvuvi, alikuwa amekuja na mapipa, akamwaga vifaranga vya trauti na kutangaza kwamba ni wa kila mtu. Kila mtu alijaribu kuwavua kwa minyoo na hakuna aliyeambulia kitu, basi wakasahauliwa. Tata aliposikia habari hiyo macho yake yaliwaka. Alikwenda kwanza kwa bwana samaki kuomba kibali. Watu walicheka sana, kwa sababu hata ng'ombe hawakuwahi kuombewa kibali pale.

Siku ya kwanza nilimtazama kutoka katikati ya michai. Alisimama ukingoni, akauinua ufito, mshipi ukaruka nyuma yake, ukarudi mbele, ukaruka nyuma tena, ukatua majini. Akaurudia. Mimi mjuzi wa viboko vya shuleni nilielewa mara moja: baba yangu alikuwa anayachapa maji. Sikujua maji yamefanya kosa gani. Vijana waliokuwa wakinywesha ng'ombe walimpigia kelele wakimuuliza kama bwawa limekataa kufanya hesabu, naye akacheka nao. Mimi nilijificha nisionekane kuwa ni wake. Nikikumbuka hilo, hata sasa, naona haya.

Baadaye nilitoka kwenye michai. Alinifundisha kukaa kimya, kutazama duara dogo linalotokea samaki anapokula juu ya maji, na kulowesha mikono kabla ya kumshika ili asiumie. Wale waliokuwa wafupi kuliko shubiri yake aliwarudisha majini. "Huyu bado ni mtoto wa nasari," alikuwa akisema. Nyumbani tulichagua pamoja manyoya ya shingo ya jogoo wetu, na jogoo huyo alikuwa akimwona Tata anakimbilia kwenye migomba. Nilimwona akipaka lile tone la rangi ya kucha juu ya kichwa cha nzi. Nikakimbia kwa Mama kumwambia kwamba ni kweli, ni ya samaki. Mama alikuwa akipepeta maharagwe. "Na wewe ameshakufundisha," akasema, akaendelea kupepeta.

Ikaja Ijumaa. Kwetu Ijumaa mchana ni mbio, kwa sababu jua likizama Sabato imeingia na hakuna kupika mpaka jioni ya kesho yake. Mama alikuwa na sufuria mbili motoni, wali na maharagwe, na mboga ya chinsaga imechambuliwa inangoja, na maji ya kuoga yanachemka nje. Tata akaingia jikoni akiwa amelowa mpaka magotini. Mkononi alikuwa na trauti aliyetungwa kwa kamba ya mgomba, mrefu kutoka kiwiko changu mpaka ncha ya vidole, na ubavuni ana mstari wa waridi na madoa meusi. Alikuwa amempitisha sokoni mbele ya watu wote, na hakuna aliyecheka.

"Nimevua mwenyewe," akasema. "Kwa nzi wangu."

Mama alijifuta mikono kwa leso. Alimtazama samaki kwa muda mrefu, halafu akamtazama aliyemleta.

"Mweke kwenye karai. Nitamkaanga jua halijazama."

Sijui kama mmewahi kuona mtu mzima akijizuia kuruka. Tata alitoka nje kwenda kuoga, nikamsikia anapiga mluzi kutoka bafuni, wimbo wa kanisa aliousahau katikati. Mama akachukua sahani ya chakula cha Magokoro. "Mlinde huyo samaki paka asimguse," akaniambia, akateremka.

Nikabaki na samaki. Na sasa lazima niwaeleze nilivyokuwa. Nilikuwa mtoto hodari wa shule ya Sabato, niliyekariri mafungu ya Biblia kuliko watoto wote wa kanisa letu, na muhula huo tulikuwa tumefundishwa vyakula safi na najisi. Samaki wa kula awe na mapezi na awe na magamba. Ngege tuliyemnunua kwa wanawake wa kutoka ziwani alikuwa na magamba makubwa yaliyorukia nywele ukimkwangua. Mumi, yaani kambare, hana, ana ngozi tupu yenye utelezi, na ndiyo maana jirani zetu Wakatoliki walikula mumi na sisi hatukula. Nilimtazama yule wa kwenye karai. Mapezi anayo. Nikainama nikatafuta magamba. Nikapitisha kiganja kutoka kichwani mpaka mkiani, kikateleza bila kukwama popote.

Tata hajui, nikajiambia, amekaa Kericho miaka minane na watu wasiosali. Mama ana haraka, hakuangalia vizuri. Atakula leo, cha kwanza kabisa kutoka kwenye mkono wake, na kesho mtu kanisani atamwambia samaki wa bwawani hana magamba. Atasema Tata amemlisha najisi, tena siku ya Sabato. Hapo hata wiki mbili zilizobaki hazitakuwepo. Mluzi ulikuwa bado unasikika bafuni. Nilikata jani la mgomba, nikamfunga samaki wa baba yangu, nikampeleka chooni na kumwachia. Alichukua muda kufika chini. Nikanawa mikono kwa sabuni, nikakaa kwenye kigoda kungoja kushukuriwa na Mungu.

Mama alirudi, akaliona karai tupu. Akaniangalia. Nilikuwa nimetayarisha uongo wa paka, lakini hakuniuliza chochote. Aliosha karai, akaliinamisha ukutani, akaenda kuikaanga chinsaga.

Tata alikuja mezani amechana nywele, amevaa shati jeupe. Mama akaweka wali, akaweka maharagwe, akaweka chinsaga, akaketi. Tata alingoja. Dirishani jua lilikuwa limebaki kidogo juu ya mlima.

"Samaki?" akauliza.

"Hakuna samaki," Mama akasema.

Nikaona uso wa baba yangu ukizimika. Alidhani ni Mama amemtupa, na mtu yeyote angedhani hivyo. Nikainamia sahani yangu. Jua likazama, tukaimba, tukaomba, na kwa kuwa Sabato si siku ya magomvi, hakuna aliyegombana na yeyote kuanzia usiku huo mpaka kesho yake jioni. Jumamosi baada ya jua kuzama, Tata alikunja blanketi lake juu ya kochi, akaanza kupanga nguo.

Jumapili asubuhi aliondoka bila kuaga, ila alinishika kichwa nikiwa kitandani, nami nikajifanya nimelala. Niliposikia geti limefungwa ndipo nilipoinuka, nikakimbia bila viatu. Barabara ya kwenda stendi inapita bwawani. Nilimkuta ameketi ukingoni, begi kando yake, anatazama maji.

"Tata, si Mama," nikasema nikihema. "Ni mimi. Nilimtupa chooni."

"Ulimtupa nani?"

"Samaki. Hana magamba. Nilikuwa sitaki Mama ale najisi akufukuze."

Alinitazama kana kwamba nimeongea Kichina. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, na aliponyamaza niliona anajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Nani amekwambia hana magamba?"

"Niliangalia. Na nikapapasa."

"Ulipapasa upande gani?"

"Kutoka kichwani kwenda mkiani."

"Mm," akasema. Akaufungua mfuko wa turubai.

Aliunganisha vile vipande vinne, akafunga nzi, akaanza kurusha. Gari la saa tatu la kwenda Kericho likapiga honi barabarani, likangoja, likapiga tena, likaondoka. Hakugeuka hata kidogo. Nilikuwa nikiomba kimoyomoyo, nikimwahidi Mungu mambo ambayo sijayatimiza mpaka leo. Duara dogo likatokea karibu na mafunjo. Tata akatupia nzi palepale, mshipi ukakaza.

Alikuwa mdogo, chini ya shubiri. Tata alilowesha mikono, akamshika kwa upole ndani ya maji, na kwa ukucha wa kidole gumba akamkwangua sehemu ndogo karibu na mkia, kinyumenyume, kuelekea kichwani. Akaniinulia kidole. Juu ya ukucha kulikuwa na punje zinazong'aa, ndogo kama chenga za sukari. Nilizigusa kwa ncha ya kidole changu. Zilikuwa magamba.

"Anayo," nikasema.

"Anayo tangu Mungu amuumbe. Ni wewe tu uliyepapasa upande mbaya." Akanicheka kidogo. "Haya, lowesha mikono, umrudishe."

Nilimshika. Alikaa kwenye viganja vyangu kidogo akivuta pumzi, halafu akaenda. Tata naye alisuuza vidole vyake majini. Tulipoinua macho tulimwona Mama.

Alikuwa amesimama juu ya ukingo na ndala zake za jikoni, mkono mmoja bado una unga. Hakuwa amefika bwawani tangu Tata arudi.

"Ni mtoto aliyemtupa," Tata akamwambia. "Mimi nilidhani ni wewe."

"Najua ni yeye. Nilikuwa mlangoni kwa Magokoro, nikamwona akiingia chooni na jani la mgomba." Mama aliongea akitazama maji. "Ningemwita angesimama. Sikumwita."

"Kwa nini?"

Alijifuta unga mkononi kwa leso.

"Niliogopa kula," akasema. "Nikila nimekukubali. Halafu uende tena miaka minane. Mimi nitabaki na nini?"

Nilikuwa mdogo, nikadhani bado tunaongea mambo ya najisi, na nilikuwa na habari njema. Nikapaza sauti: "Mama, ana magamba! Madogo sana! Nimeyaona!"

Mama akanigeukia. "Uko na hakika?"

"Ndiyo, Mama."

"Nionyeshe."

Nikainua mikono yangu. Ilikuwa mitupu, inadondosha maji. Nikatazama vidole vya Tata, navyo vilikuwa safi.

"Nimemrudisha," nikasema.

Nilimtegemea Tata aniokoe, aeleze, aape. Hakueleza. Alikuwa amesimama na ufito wake akimtazama mkewe, naye mwenyewe akingoja kuhukumiwa. Mama alitazama mikono yangu, akalitazama begi, akamtazama yeye kuanzia viatu mpaka usoni.

"Basi anayo," akasema.

Akaketi kwenye nyasi zenye umande, akavuta leso kufunika magoti. "Vua mwingine, mkubwa," akamwambia. "Nitamla mimi wa kwanza, mbele yako."

Tukakaa. Jua likapanda, umande ukakauka, na samaki wote wa bwawa lile wakaamua kufunga na kuomba. Mama hakuinuka. Saa sita hivi wale vijana wa ng'ombe wakaja, wakatuona watatu tumejipanga ukingoni, wakaanza. Mmoja akapiga kelele kuuliza kama leo ukoo mzima umekuja kushika upepo.

Kwa kawaida Tata angecheka nao. Safari hii hakupata nafasi.

"Nyamazeni nyinyi!" Mama akasema kwa ile sauti yake ya kanisani. "Mnatufukuzia samaki."

Tata akarusha tena. Mshipi ukaenda vibaya, nzi akanasa kwenye mafunjo, naye akabaki amesimama palepale, ametugeuzia mgongo, kwa muda mrefu kuliko unaohitajika kunasua ndoano.